Konzi Mbili za Mzee Sikio

Ijumaa hiyo, saa kumi na moja za jioni, Fundi alikuwa amepiga magoti kwenye zulia la mwalimu wa chekechea, kichwa kimezama nyuma ya spika na kiuno kinamuuma. Hii ilikuwa nyumba ya thelathini na moja. Kazi ilikuwa ileile: legeza skrubu nne, chomoa twita, yaani kile kispika kidogo cha juu kinachotoa sauti nyembamba, kata waya wake mmoja, weka hapo katikati rezista, kijiti kifupi kuliko msumari kinachopunguza umeme unaopanda juu, chomelea kwa risasi ya kuyeyusha, rudisha, funga. Ukiwa na nguvu zako ni dakika arobaini kwa spika mbili. Siku hizi zilikuwa zinamla saa nzima na zaidi.

"Jaribu sasa," alisema, akajishika ukuta ili ainuke.

Mwalimu aliwasha redio. Mtangazaji alikuwa anasoma habari. Jana yake kila alipotamka "s" ilikuwa kama tone la maji limeangukia mafuta ya moto, watoto wa nyumba hii wakaziba masikio. Leo alikuwa mtu tu anayesoma habari.

"Afadhali!" Mwalimu alijitupa kwenye kochi. "Kutwa nashinda na watoto arobaini wananipigia kelele. Nikirudi nyumbani, redio nayo inanipigia kelele. Lakini hebu nieleze, Fundi. Kwa nini hamkufanya hivi tangu mwanzo, kule kule karakana?"

Fundi alijifanya anatafuta bisibisi, na bisibisi alikuwa ameishika mkononi.

"Spika ikitoka karakana huwa imekaza, mwalimu. Lazima izoee chumba kwanza, ndipo tuje kuilegeza."

Uongo huu alikuwa amekwisha kuusema katika nyumba thelathini kabla ya hii, na sasa ulimtoka kwa urahisi kuliko salamu. Mwalimu aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama watu wanavyoitikia fundi akisema jambo wasilolielewa. Hilo ndilo lililomchosha zaidi, kwamba walimwamini.

Ukweli ulikuwa mfupi na hausemeki. Karakana ilikuwa ya Mzee Sikio. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Mji mzima ulimwita Sikio, na mwenyewe aliitika kwa raha. Kwa miaka arobaini hakuna spika iliyovuka kizingiti cha karakana ile kabla mzee hajasimama mbele yake, amefumba macho, kichwa amekiinamisha upande wa kulia, anasikiliza. Akiridhika, alikunja ngumi akagonga sanduku la spika kwa vifundo vya vidole, mara mbili. Ko, ko. Bila konzi mbili za mzee, hata uwe na haraka kiasi gani, mzigo wako ulilala palepale. Wapo waliosema kwamba spika unaweza kuzipata popote, bali wao walikuwa wanafuata zile konzi.

Fundi mwenyewe aliingia pale kwa mtihani, akiwa na miaka kumi na tisa. Mzee aliiweka redio katikati ya stesheni mbili, pale ambapo haisemi kitu ila inavuma tu, shhhh, akamgeuza kijana aelekee ukutani.

"Fumba macho," alimwambia. "Jicho ni shahidi wa uongo. Mimi nitaifunika twita kwa kiganja, halafu nitaifunua. Wewe utaniambia lini imefunikwa na lini iko wazi."

Kijana alipata kumi kati ya kumi. Mzee hakumpongeza, alimpa ufagio, na hiyo ndiyo ilikuwa barua ya ajira. Miaka thelathini ilikuwa imepita tangu hapo. Fundi alikuwa na mvi ndevuni na binti anayemaliza shule, na mzee bado alimwita kijana.

Mambo yalianza kwenda mrama miaka miwili nyuma. Fundi angemaliza spika, mzee angeisikiliza, kisha angetikisa kichwa. "Imelala hii. Iamshe." Fundi angeiamsha kidogo. "Bado inapiga miayo." Fundi angeiamsha zaidi, angetoa rezista moja, halafu ya pili, mpaka sauti ya juu ikawa inatoboa kichwa kama sindano. Hapo ndipo uso wa mzee ungefunguka. "Ehee! Sasa imeamka." Ko, ko. Na mteja angeondoka na mzigo wake kwa furaha, akae nao siku nne, siku ya tano ampigie Fundi simu kwa sauti ya mtu asiyetaka ugomvi: samahani sana, huenda ni masikio yetu, lakini zile spika zinatuchoma.

Mwanzoni Fundi alidhani ubovu ni wake. Alijilaumu mwezi mzima. Kisha siku moja mteja alisahau saa yake ya mkononi juu ya meza, nayo ikaanza kulia, pi-pi-pi, pi-pi-pi, dakika nzima, mbele ya pua ya mzee, na mzee akaendelea kunywa chai yake taratibu huku akilalamika kwamba twita za siku hizi zinatengenezwa ovyo. Fundi alinyoosha mkono akaizima. Tangu siku ile, methali fulani kuhusu sikio la kufa na dawa hakuitamka tena, hata nyumbani kwake.

Unamwambiaje mtu anayeitwa Sikio? Fundi alijaribu mara tatu, na mara zote tatu aliishia kuuliza kama mzee angependa chai nyingine. Akachagua njia ya mtu mwoga, ambayo kwa kawaida ndiyo ndefu kuliko zote. Mchana aliamsha spika kwa ajili ya mzee, jioni alizifuata majumbani kuzilaza kwa ajili ya wenyewe. Kila kazi aliifanya mara mbili, na ile ya pili aliifanya kwa siri kama mwizi. Mkewe alimuuliza mara moja tu kama siku hizi amehamia karakana. Baadaye alinyamaza, akawa anafunika chakula kwa sahani na kwenda kulala. Fundi alikuwa amechoka uchovu ule ambao Jumapili haiuondoi. Na alijua hawezi kuendelea hivi. Ama angemwambia mzee na kumvua jina lake, ama angeanguka yeye mwenyewe siku moja nyuma ya spika ya watu.

Alikuwa ndio kwanza anatoka kwa mwalimu, begi la vifaa begani, simu ikaita. Alikuwa mke wa mzee, ambaye Fundi alimwita mama tangu enzi za ule ufagio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kesho saa nane mzee anakwenda kwa kinyozi. Njoo nyumbani na vifaa vyako."

"Vifaa gani, mama?"

"Vile unavyozunguka navyo kwenye nyumba za watu."

Fundi alisimama katikati ya njia. Mwendesha baiskeli alimpigia kengele, akampita akimtukana.

"Mama, nani amekuambia?"

"Niko saluni kila mwezi, mwanangu. Unadhani huwa tunaongea kuhusu nywele?"

*

Sebule ya mzee ilikuwa ndogo na safi, yenye kochi la watu watatu, viti viwili, na kabati refu la vyombo lenye milango ya kioo. Ukutani mkabala na kabati zilisimama spika mbili za mbao ngumu, kila moja ikifika kiunoni mwa mtu, alizozitengeneza mzee kwa mikono yake kabla Fundi hajajua hata kushika bisibisi. Kwenye twita ya kila spika kilining'inia kitambaa cha kufuma, kimekunjwa mara nne.

Mama alimfungulia mlango, akamtazama usoni, kisha akaingiza vidole masikioni na kutoa pamba, sikio moja baada ya jingine. Aliiweka mezani bila kuona haya.

"Naivaa anapowasha muziki," alisema. "Mara nyingine naisahau humo humo, nakwenda nayo hadi sokoni. Basi humu ndani hakuna anayemsikia mwenzake. Yeye hasikii kwa sababu hasikii, na mimi sisikii kwa sababu ya pamba."

Alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Alimweleza Fundi yote aliyojaribu. Aliweka zulia nene. Akashona mapazia mazito. Akazigeuza spika zitazame pembeni badala ya kumtazama mtu usoni, na kweli zilipoa kidogo, lakini mzee alipoingia alisema nani kamgeuzia watoto wake ukutani, akazirudisha. Ndipo akaleta vitambaa vya kufuma, akasema ni mapambo. Mzee alivivumilia, ila kila alipowasha muziki alivipandisha juu, na kila alipozima mama alivishusha.

"Ungemwambia tu, mama."

"Mbona wewe hujamwambia?"

Fundi aliinama, akaanza kufungua begi.

"Mwaka wa kwanza nilidhani amenichoka," mama aliendelea, safari hii kwa sauti ya chini. "Namwita nikiwa jikoni, haitiki. Nazungumza naye, ananitazama mdomo, kisha anasema ndiyo, hata kama nimemuuliza anataka wali au ugali. Nikasema moyoni, basi, ndio uzee, mtu anafika mahali hana haja nawe. Niliumia, mwanangu. Kisha nikaona mwanetu wa kiume akimpigia simu wanaongea vizuri, lile sauti lake nene kama pipa. Binti yetu, mwenye sauti nyembamba, akipiga, mzee anamwambia nitakupigia baadaye, na hampigii. Binti amekata tamaa. Miezi minne sasa hajampigia. Anasema baba amemnunia na hajui kosa lake."

Fundi alikuwa na binti pia. Aliwasha chuma cha kuyeyushia risasi, akavua kitambaa cha spika ya kushoto na kulegeza skrubu. Ndani alikuta kile alichokitarajia: mahali pa rezista palikuwa patupu, waya umeunganishwa moja kwa moja, kwa ile risasi ya mzee iliyokuwa laini na ndogo kama tone la umande. Mkono wa mzee ulikuwa bado mzima kabisa. Hilo lilimuuma kuliko angekuta kazi mbovu.

Alimaliza ya kushoto, akaifunga. Alikuwa ameshachomoa twita ya kulia na kuunganisha upande mmoja wa rezista, mlango ukafunguliwa.

Mzee Sikio alisimama kizingitini, nusu ya kichwa imenyolewa inang'aa, nusu nyingine ina mvi zake zote.

"Mashine ya kinyozi imekufa katikati ya kichwa," alisema, akiwa bado hajaona kinachoendelea. "Nimefuata bisibisi yangu ndogo niifungue..."

Kisha akaona begi, akaona chuma kinachofuka moshi, na akaona twita yake iko mkononi mwa mtu.

Mzee alivuka sebule, akamnyang'anya Fundi ile twita, akaisogeza karibu na macho.

"Risasi hii naijua," alisema polepole. "Wewe huwa unaweka nyingi kuliko inavyotakiwa, tangu ujana wako. Nimekusema mpaka nimechoka. Mwezi uliopita yule mwenye duka la vitabu aliniita nimtazamie waya wa redio yake. Nikafungua spika niliyoigonga mimi, nikakuta kijiti ndani, na risasi tele kama uji. Nikasema kuna fundi wa mtaani anatuchezea. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako."

"Mzee..."

"Kimya! Ninaigonga mchana, wewe unaipitia nyuma jioni? Umeona sasa unajua kuliko mimi? Sikio halipiti kichwa, kijana. Hata siku moja!"

"Baba, mimi ndiye niliyemwita," mama alisema.

Mzee hakugeuka. Labda alipuuza, labda hakusikia. Fundi na mama walitazamana, na wote wawili walijua ni lipi.

"Sawa," mzee alisema. Aliusokota kwa vidole ule waya uliobaki kwenye rezista, uunganike kwa muda tu, akaiweka twita kwenye tundu lake na kuishikilia kwa skrubu mbili. "Ulipokuja kwangu nilikupa mtihani. Leo nipe mimi. Nikikosa, karakana yako. Nikipata, Jumatatu usije."

Aliwasha redio mwenyewe, akaiweka katikati ya stesheni, shhhh, akaongeza sauti. Kisha akaipa spika mgongo, akasimama wima mbele ya kabati la vyombo, mikono nyuma.

Fundi alipiga magoti. Kiuno kilimkumbusha kwamba kipo. Aliweka kiganja juu ya twita ya kulia.

"Imefunikwa," mzee alisema papo hapo.

Akaondoa kiganja.

"Wazi."

Akakirudisha, akakiacha palepale muda mrefu.

"Imefunikwa. Bado imefunikwa. Usinifanyie utoto."

Tano kati ya tano. Sita kati ya sita. Je, inawezekana miaka miwili yote alikuwa amejidanganya? Kwamba spika kweli zililala, na masikio mabovu yalikuwa yake na ya mji mzima? Kwa kitambo kidogo alifurahi kama mtoto. Afukuzwe hata leo, mradi mzee ni mzima.

Akaondoa kiganja na kuinua macho, na hapo akauona uso wa mzee kwenye kioo cha kabati, katikati ya vikombe na birika la udongo. Macho yalikuwa wazi. Yalikuwa yanatazama kiganja.

"Wazi," mzee alisema. Kisha macho yale yakapanda, yakakutana na ya Fundi ndani ya kioo.

Hakuna aliyepepesa. Redio iliendelea kuvuma. Fundi alielewa kwamba mzee anajua, na kwamba alijua tangu zamani, maana mtu hasimami mbele ya kioo kwa bahati mbaya. Alielewa pia kwamba anaombwa kitu. Ingetosha kusema: saba kati ya saba, mzee, nisamehe. Funika kombe mwanaharamu apite. Mzee angemgombeza kidogo, angemrudisha kazini Jumatatu kwa huruma, na mambo yangeendelea: mchana kuamsha, jioni kulaza. Nyumba ya thelathini na mbili. Ya hamsini. Chakula chini ya sahani.

Angeweza. Alimpenda mzee yule kuliko alivyompenda baba yake mzazi. Lakini nyuma yake mama alikuwa amesimama na pamba yake mkononi, na Fundi alikuwa amechoka mno, na ule uchovu ndio uliosema kabla yeye hajaamua.

"Fumba macho, mzee."

Mabega ya mzee yalishuka kidogo.

"Jicho ni shahidi wa uongo," Fundi alisema. "Ni wewe uliyenifundisha."

Kwenye kioo, mzee alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akafumba macho, kichwa akakiinamisha upande wa kulia, kama siku zote. Upande ulionyolewa ndio uliokuwa juu.

Fundi alifunika twita. Akafunua. Akafunika. Chumbani ule mvumo ulikuwa unafifia na kurudi, unafifia na kurudi, waziwazi kabisa. Hata mama aliusikia, akaweka mkono mdomoni.

"Haya, anza," mzee alisema.

Fundi alifunua, akafunika, akafunua.

"Anza basi, kijana. Kinyozi ananisubiri."

"Nimeshaanza, mzee." Fundi alishusha mkono. "Nimefunika na kufunua mara sita."

Mzee hakufumbua macho. Alibaki amesimama hivyo hivyo, akisikiliza kwa nguvu, mpaka mshipa wa shingo ukamtoka. Kisha akasema neno ambalo kwa miaka thelathini Fundi hakuwahi kulisikia kinywani mwake.

"Sijui."

Mama alizima redio. Mzee alitafuta kiti kwa mkono akaketi. Alijipapasa kichwa, akafika pale nywele zinapoanzia, akakumbuka kwamba yuko nusu, akaacha.

"Nilidhani ni twita," alisema. "Kweli kabisa, mwanzoni nilidhani ni twita za siku hizi. Baadaye nikajua si twita. Lakini nikasema, maadamu kijana hasemi kitu, basi labda si vibaya kiasi hicho. Wewe ndiye uliyekuwa kipimo changu. Kumbe unaninyamazia."

"Nilikuogopa, mzee. Nilikuonea huruma pia."

"Huruma!" Mzee aliirusha ile huruma mbali kwa mkono. "Nyumba ngapi?"

"Thelathini na moja."

"Na zote umezirudia?"

"Zote. Isipokuwa hii."

Mzee aligeuka, na kwa mara ya kwanza tangu aingie akamtazama mkewe. Aliona pamba mkononi mwake. Ilimchukua muda kuielewa, na alipoielewa macho yake yalijaa maji, wala hakuyaficha.

"Tangu lini?" aliuliza.

Mama alimsogelea, akainama, akasema kwa sauti nene na ya taratibu, ile ambayo wanawake hutumia kuigiza wanaume: "Tangu ulipoacha kuniitikia."

"Sikuacha kukuitikia."

"Najua sasa."

"Na binti? Mbona siku hizi hapigi?"

"Anadhani umemnunia."

Mzee alijipiga paja. Kisha akasema, "Mpigie. Aseme na wewe, wewe unirudishie, kwa sauti hiyohiyo mbaya." Lakini mama alipochukua simu akamzuia. "Ngoja. Kwanza amalize. Kazi haiachwi nusu, nimekaa na nusu ya kutosha leo."

Fundi alimalizia. Aliichomoa tena twita, akaweka rezista sawasawa, akachomelea waya wa mwisho kwa risasi kidogo kadiri alivyoweza, mzee akimwangalia juu ya bega bila kumkosoa, akafunga skrubu nne. Vitambaa vyote viwili waliviacha mezani. Mama aliweka muziki anaoupenda mzee, wa zamani, wenye magita mawili na mwanamke anayeimba. Sauti ilitoka nzima na laini, ya juu ikiwa mahali pake, ya chini mahali pake. Mama alisikiliza akiwa amesimama, mikono imelegea pembeni, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyevua viatu vilivyombana tangu asubuhi.

"Mimi nasikia mtu anaimba ndani ya blanketi," mzee alisema. "Wewe?"

"Nasikia vizuri," mama alijibu. "Nasikia vizuri, baba."

"Na wewe, kijana?"

Fundi alifumba macho. Alikuwa ameisikiliza kazi ya mwingine maisha yake yote, na daima kulikuwa na mtu wa mwisho nyuma yake, mtu wa kusema imelala au imeamka. Alisikiliza nyuzi za gita, alisikiliza pumzi ya mwimbaji kabla ya kila mstari. Alitarajia kujisikia mwepesi. Hakujisikia mwepesi; mzigo mmoja ulikuwa umeshuka na mwingine umepanda palepale ulipotoka wa kwanza.

"Iko sawa," alisema.

"Basi gonga."

"Mzee, hapana. Hiyo ni yako."

"Ya nani? Nimekosa mtihani, hukuona? Gonga, nikamalizie kichwa changu. Halafu twende wote, maana ile mashine ya kinyozi nitaifungua mimi, lakini kama inalia ovyo utaniambia wewe."

Fundi alikunja ngumi. Aligonga sanduku la mbao kwa vifundo vya vidole, mara mbili, si kwa nguvu.

Mzee Sikio alikuwa amefumba macho, kichwa upande.

"Hiyo nimesikia," alisema, akaenda kutafuta bisibisi.